Amplifaya yangu haikuungua, kitufe kilibonyezwa

Mhariri,

Jumamosi iliyopita ukurasa wenu wa teknolojia ulituambia sisi wenye redio za zamani kwamba tumekalia makopo, na kwamba dawa yake ni kwenda dukani kununua spika ndefu ya kuweka chini ya runinga. Mwandishi nadhani ni kijana, na sina ugomvi naye. Ila kopo langu liko sebuleni hapa Chumbageni, Tanga, linaimba vizuri, na mwaka huu lilinusurika kuuzwa kama chuma chakavu kwa sababu ya kitufe kimoja. Naomba nafasi nieleze.

Kwanza nijitambulishe. Mimi ni bibi wa wajukuu sita. Nilikuwa opereta wa swichibodi, Posta na Simu, enzi mtu akitaka kuzungumza na Moshi anainua simu, ananisikia mimi, na mimi ndiye ninayechomeka plagi kwenye tundu. Kazi yangu ilikuwa matundu na plagi. Kwa hiyo vijana wakisema mambo ya waya ni ya mafundi peke yao, huwa nacheka.

Amplifaya yenyewe, yaani kikuza sauti kinachoendesha spika, ni Pioneer, ya uso wa fedha na mita mbili za sindano. Marehemu mume wangu aliinunua Mombasa mwaka 1984, mpaka wa Kenya ulipokuwa umefunguliwa tena baada ya kufungwa tangu 1977. Alikuja nayo kwenye basi ameipakata kama mtoto. Ina spika mbili za mbao, sahani ya santuri na deki ya kaseti.

Sasa hicho kitufe. Kabla ya Idi nilifuta vumbi sebule nzima. Siku ya pili yake nikawasha amplifaya: taa inawaka, sauti hakuna. Si kwenye redio, si kwenye santuri. Nikamwita fundi, kijana mwenye adabu tele, shikamoo mama nyingi. Akafungua kifuniko, akapuliza vumbi, akagusagusa na bisibisi, akatangaza kwamba transista za kutolea sauti zimeungua na siku hizi hazipatikani. Ama nitoe shilingi 90,000 atafute za kufananisha, ama nimwachie kopo lote kwa 25,000. Nikamwambia: mwanangu, niache nilifikirie usiku huu.

Usiku nikaiwasha tena nikiwa peke yangu, feni nimezima. Sekunde chache baada ya kuwasha nikasikia: tik. Hiyo ni relei, swichi inayojifunga yenyewe kwa umeme. Amplifaya nyingi za aina hii zina relei inayolinda spika, na kama transista za kutolea sauti zimeungua, kwa kawaida relei inakataa kufunga, husikii hiyo tik kamwe. Imefunga, maana yake upande huo ni mzima. Basi sauti inapotea kabla ya kufika huko. Nikachukua tochi, nikapitisha kidole kwenye uso wa amplifaya, swichi moja baada ya nyingine. Kitufe kilichoandikwa TAPE MONITOR kilikuwa kimezama ndani. Nilikibonyeza mimi mwenyewe na kitambaa changu cha vumbi.

Kitufe hicho kikizama, amplifaya inatoa sauti kwenda kwenye deki ya kaseti, kisha inasubiri irudi kutoka huko. Deki yangu ilikuwa imechomolewa tangu mwaka jana. Ni sawa na opereta ampitishe mteja kwenye mkondo usio na mtu upande wa pili: simu nzima, waya mzima, jibu hakuna. Nilikibonyeza kikatoka nje, na redio ikaingia katikati ya matangazo ya vifo kwa sauti iliyoamsha jirani. Yule fundi simlaumu sana. Alipozaliwa, vitufe hivyo vilikuwa vimeshaanza kuadimika. Lakini ningekuwa sijui tik ni nini, leo shaba ya transfoma yangu ingekuwa inapimwa kwenye mizani.

Baada ya hapo nikapata tamaa. Wanangu walininunulia runinga bapa, picha kama dirisha, lakini spika zake ziko nyuma zinaongea na ukuta. Taarifa ya habari ya saa mbili nilikuwa naitazama mdomo tu. Mjukuu wangu anayesoma chuo akaja likizo, nikamwambia tuiunganishe na amplifaya ya babu yako.

Jaribio la kwanza lilikuwa la simu, sio runinga, na ndilo lililotuchekesha. Alikuta nyuma ya amplifaya matundu yameandikwa PHONO. Akasoma phone. Akachomeka simu yake humo. Ikatoka sauti kama debe la mawe linaviringishwa kwenye lami. PHONO ni ya sindano ya santuri. Sindano inatoa umeme mdogo mno, ukigawa volti moja mafungu elfu, ni mafungu manne au matano tu, kwa hiyo tundu lile lina kikuzaji chake cha ziada ndani, na tena kinapandisha besi maana santuri huchongwa besi ikiwa imepunguzwa. Simu inatoa karibu volti nzima, mara mia mbili zaidi. Ukifanya kinyume, ukachomeka santuri kwenye AUX, tundu la vifaa vya kawaida, utasikia mwimbaji kama mbu aliye chumba cha pili. Simu, runinga na king'amuzi vyote ni vya AUX, au TUNER, au TAPE kama AUX imejaa. Hakuna kitakachoharibika kwa kuchagua kati ya hayo matatu.

Tukahamia AUX. Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo naomba wasomaji walisome polepole, kwa sababu nimeshasikia watu wawili wakilalamikia jambo hilo hilo bila kujua ni nini. Muziki ulitoka, magitaa yapo, tarumbeta zipo, lakini mwimbaji ametoweka! Kabaki mwangwi wake tu kwa mbali, kama anaimbia kisimani. Mjukuu akasema spika zimekufa. Nikamwambia weka taarabu za zamani, zile zilizorekodiwa mkondo mmoja, sauti ile ile kwa spika zote mbili. Akaweka: karibu kimya kabisa, mnong'ono tu.

Pale nikajua. Itazame plagi ya waya wa simu: kuna ncha, kuna pete, kuna shina, zimetengwa na vipete vyeusi. Majina hayo ni yale yale ya swichibodi, maana plagi hii ni kitukuu cha plagi niliyokuwa nikiishika kila siku. Ile ilikuwa nene, hii imekonda, ukoo ni mmoja. Ncha inabeba sauti ya kushoto, pete ya kulia, shina ni njia ya kurudia ya zote mbili. Shina lisipogusa, kushoto na kulia vinakosa pa kurudi, vinaanza kurudiana vyenyewe kwa vyenyewe. Kilicho sawa pande zote mbili kinafutika, kinachotofautiana kinabaki. Na mwimbaji kwa kawaida anawekwa katikati, sawa kushoto na kulia. Kwa hiyo anafutika yeye. Rekodi ya mkondo mmoja ni sawa yote, kwa hiyo inafutika yote.

Kwa nini shina halikugusa? Kava la simu. Kava nene la mpira, lenye picha ya mpira wa miguu, lilikuwa linazuia plagi isiingie hadi mwisho, imebaki kama unene wa shilingi. Tulivua kava, plagi ikaingia na kulia tak, na mwimbaji akarudi nyumbani.

Simu zisizo na tundu la plagi kabisa sitazizungumzia sana. Kuna kisanduku kidogo cha Bluetooth kinachomekwa AUX, kinafanya kazi. Pandisha sauti ya simu karibu na mwisho, kisha punguza kwenye amplifaya, vinginevyo utasikia mchakacho wa kisanduku kuliko muziki. Kwa runinga sikipendi, kwa sababu sauti inachelewa na msomaji wa habari anafunga mdomo kabla hajamaliza kusema.

Kwa runinga, njia ya bei rahisi mnayo tayari na hamuijui: king'amuzi. Vingi vina matundu matatu nyuma, la njano, jekundu na jeupe. La njano ni picha, liache. Jekundu na jeupe yaende AUX. Waya wake mimi niliupata kwa shilingi 3,000 barabara ya kumi na mbili. Nilisikiliza habari hivyo wiki nzima nikiwa nimeridhika, isipokuwa mvumo. Mmm... chini ya kila neno, kama nyuki ndani ya mzinga. Huo ni umeme wa TANESCO wenyewe, unaopiga mizunguko 50 kwa sekunde, umepata upenyo kwenye waya wa sauti. Tulichomoa waya wa antena nyuma ya king'amuzi, mvumo ukakata papo hapo, tukaurudisha, ukarudi. Antena yangu imefungwa kwenye mabati ya paa, na umeme mdogo wa kuvuja ulikuwa unatafuta njia ya kwenda ardhini kupitia huko, ukitumia waya wangu wa sauti kama barabara.

Rafiki wa mjukuu akashauri tukate waya wa ethi kwenye plagi ya eksitensheni. Nikamfukuza sebuleni, kwa upole lakini nikamfukuza. Waya huo ndio unaokuzuia wewe usiwe njia ya kwenda ardhini. Mvumo unavumilika, mazishi hayavumiliki.

Tiba tuliipata kwenye tundu la ajabu nyuma ya runinga, lenye mlango mdogo unaotoa mwanga mwekundu ukiusukuma. Limeandikwa OPTICAL. Sauti inatoka humo kama mwanga, na mwanga haubebi umeme wa kuvuja, kwa hiyo mvumo unakosa daraja. Mwanga huo unaingia kwenye konvata, kisanduku cha ukubwa wa viberiti viwili, kinaugeuza kuwa sauti ya kawaida, nyekundu na nyeupe, AUX. Konvata pamoja na waya wake ilinigharimu 35,000.

Na haikufanya kazi! Kimya. Mjukuu alitaka kuirudisha dukani. Ikawa kwamba kila ncha ya waya ule ina kikofia cha plastiki angavu cha kuilinda, kidogo kama punje ya mchele, na yeye aliusukumiza waya ndani pamoja na kikofia. Tukavitoa vyote viwili. Sasa ikatoka sauti, lakini ni mchakacho mtupu, kama mafuta yanapokutana na samaki. Hapo tulikaa saa nzima. Mwisho tukaingia kwenye mipangilio ya runinga, sehemu ya sauti, tukakuta kwamba sauti ya kutoka iko kwenye Dolby, namna ya kuibana sauti kama ya sinema. Konvata hizi ndogo hazielewi lugha hiyo. Tukabadilisha kuwa PCM, sauti isiyobanwa, na habari ikasomeka. Karatasi iliyokuja na konvata ilikuwa na Kichina na Kiingereza cha kuungaunga, na neno PCM halimo katika lugha zote mbili. Wauzaji wa vitu hivi, andikeni basi hata kikaratasi kimoja cha Kiswahili: toa vikofia, weka PCM. Mistari miwili itawapunguzia wateja wanaorudisha vitu vizima.

Na nyinyi ndugu mhariri, ukurasa ule wa Jumamosi una nafasi ya simu mpya kila wiki. Robo ya ukurasa kwa mwezi haitawaumiza. Watu wanaziuza amplifaya hizi kwa bei ya mabati, wengine wanaziua kwa kutojua. Jirani yangu alinunua nzuri sana ya mtumba kutoka Japani, akaichomeka moja kwa moja ukutani. Kule umeme wao ni volti 100, wetu 230. Ilitoa moshi kabla hajakaa kitini. Kibandiko cha 100V kilikuwepo nyuma, kikubwa kama kucha ya dole gumba.

Nina langu pia la kuuliza, maana si kwamba najua yote. Deki ya kaseti niliyoitaja ni Grundig, ya tundu la duara lenye pini tano. Waya wake nimeutengeneza mwenyewe: pini ya katikati ni ya kurudia, na sauti inatoka kwenye pini ya tatu na ya tano, ambazo ukitazama zilivyopangwa zinakaa pamoja upande mmoja. Sauti inafika. Tatizo ni mkanda wa mpira unaozungusha ndani. Umeyeyuka ukawa kama lami, niliukwangua kwa pamba na spiriti siku nzima. Nikajaribu kukata pete kutoka kwenye tyubu ya baiskeli. Inazunguka, lakini inayumba, na kila mtu anasikika kama amelewa.

Nina kaseti kumi na tisa za dada yangu aliyeolewa Muscat, za miaka ile tulipokuwa tukitumiana barua kwa kaseti kwa sababu simu ilikuwa ghali hata kwa opereta. Ameshafariki. Nataka kuzihamishia kwenye kompyuta ya mjukuu kabla utepe haujaoza, na sitaki dada yangu asikike amelewa, hakuwahi kunywa. Mkanda ninaoutafuta ni wa mraba, si bapa, mzunguko wake kama wa mdomo wa kikombe cha kahawa. Kama kuna msomaji wa Tanga, Muheza au hata Mombasa anayejua duka linaloiuza, aandike hapa hapa kwenye safu hii ya barua. Naisoma kila siku.

Opereta mstaafu,
Chumbageni, Tanga