Bomba ni Mia Tatu, Mpini ni Elfu Saba

Kuna picha inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp hapa Kisumu tangu mwisho wa mwezi. Kushoto kuna mpini wa upanga wa mwanga, ule wa filamu za Star Wars, tuliotengeneza sisi, kulia kuna kipande cha bomba la pazia, na chini yake maneno: "Fundi wa Kibuye amenitoza 7,000 kwa kitu cha 300." Watu wamecheka vya kutosha. Wateja wawili ambao walikuwa wameshalipa nusu wamenipigia simu kuuliza kama wanaibiwa.

Aliyeituma simtaji. Alilipa pesa yake, akachukua mpini wake, na ndio huo unaometameta pichani. Juu ya kazi yenyewe hana neno. Neno lake ni bei, basi tuongee bei.

Kwa wasiotujua, karakana yetu ni ya stenlesi na kukereza. Mkate wetu unatoka kwenye reli za ngazi, milango, bushi na shafti za mashine za posho, na mara moja moja shafti ya injini ya boti kutoka Dunga. Mipini ya panga ilitujia kama mchezo. Mwanafunzi mmoja wa Maseno alikuja na picha kwenye simu, akaniambia anaenda Nairobi kwenye mashindano ya mavazi ya wahusika wa filamu. Mimi nilidhani ananionyesha tochi. Akanieleza polepole, kama mtu anayemweleza babu yake, kwamba huo ni upanga ambao ubapa wake ni mwanga mtupu. Nikamwambia kama upanga hauna ubapa basi kazi imepungua nusu, lete elfu moja. Nilimaliza kazi ile baada ya siku nne, na hiyo elfu moja haikulipia hata drili nilizovunja.

Sasa hili bomba la mia tatu. Wateja wengi wanafika wakiwa nalo mkononi tayari. Wanapita dukani, wanaona bomba la pazia linang'aa, kipimo cha nje kinaonekana sawa, wanakatiwa kipande, halafu wananiambia: "Fundi, nyenzo nimeleta, wewe nitengenezee tu." Wanaamini wamenipunguzia kazi. Ukweli ni kwamba wameniongezea, na wao wenyewe watalipa mara mbili.

Bomba la pazia ni bati jembamba lililokunjwa, halifiki hata milimita moja, kisha likapakwa kromu kwa nje. Ukilibana kwenye jiriwa linakuwa yai. Ukigusa kwa tupa, kromu inabanduka vipande vidogo vyenye makali ya wembe, na chini yake kunabaki chuma cha kawaida ambacho kitashika kutu kabla mvua za masika hazijaisha. Na mpini wa upanga si kitu cha kung'arisha tu. Una mifereji ya kushikia, una matundu ya skrubu, una mahali pa betri na swichi, na juu una tundu la kupokea ubapa wa plastiki ngumu wenye kipenyo cha inchi moja. Kila kimoja kati ya hivyo kinataka nyama, yaani ukuta mnene wa bomba. Bomba la pazia halina nyama.

Nichukue skrubu moja tu muone. Ile inayoshika ubapa usichomoke ni ya M4, yaani unene wa milimita nne. Natoboa kwa drili ya 3.3, napitisha tapu, nakata thredi. Thredi za M4 zinapishana kwa milimita 0.7. Kwenye bomba la aluminiamu lenye ukuta wa milimita 3, skrubu inashika thredi nne na zaidi kidogo. Kwenye ukuta wa milimita 1.5 inashika mbili. Kwenye bomba la pazia inashika moja, na hiyo moja nayo haijakamilika. Unakaza leo, kesho unakaza tena, keshokutwa skrubu inazunguka bure na ubapa unaruka jukwaani hadi kwenye mapaja ya jaji. Hilo la jaji si mfano niliobuni. Lilitokea, na mpini ulikuwa umetengenezwa sebuleni kwa gundi na drili ya mbao, lakini kijana alipouleta kwangu aliuleta kwa sauti ya mtu anayenidai.

Mifereji ni hivyo hivyo. Mfereji wa kushikia tunaukereza milimita moja kwenda chini. Ukuta wa tatu unabaki na mbili, uko salama. Ukuta wa moja na nusu unabaki na nusu milimita, na hapo umeutengenezea mpini mahali pa kukunjika. Mwaka jana kijana wa Nyalenda alisisitiza, bomba ni lake, pesa ni yake, mifereji anaitaka. Nilimwonya. Nilimfanyia kwa 1,500, nikamwandikia kwenye risiti kwamba bomba ni la mteja. Baada ya wiki mbili alirudi nao umekunjika kwenye mfereji wa tatu kama mrija wa soda. Alitengenezewa mwingine kwa 7,000. Hesabu ya jumla mfanyie wewe, na usisahau mia tatu ya bomba.

Kuna jambo jingine ambalo haliko pichani kwa sababu liko ndani. Mabomba mengi ya chuma, hata stenlesi nzuri ya reli za ngazi, yanatengenezwa kwa kukunja bamba na kulichomelea, na mshono unabaki ndani kama kovu. Kwa reli ya ngazi haina shida, nani ataangalia ndani? Lakini kibebeo cha betri kinapita humo. Betri tunayotumia ina kipenyo cha milimita 18 na urefu wa 65, na kibebeo chake pamoja na swichi na nyaya kimepangwa kwa kubana. Mshono ukibaki, kibebeo kinakaa upande, waya unajisugua kwenye kovu, ngozi ya waya inaisha. Betri za aina hiyo zikigusana waya kwa waya haziombi ruhusa kupata moto. Kwa hiyo mshono lazima uondolewe, kwa kukereza ndani au kwa tupa ya mviringo na uvumilivu. Wakati mwingine ni saa nzima ya kazi ambayo mteja hataiona maisha yake yote.

Ndiyo maana siku hizi napendelea aluminiamu isiyo na mshono, milimita 38 nje, 32 ndani. Inatoka Nairobi kwa basi, na nauli ya mzigo naibeba mimi. Wateja wengi wanaitilia shaka kwa kuwa wamezoea sufuria nyepesi. Kipande cha sentimita 28 kina uzito wa karibu robo kilo kabla ya kuwekwa chochote. Cha stenlesi ya moja na nusu kinafika gramu 380. Ukiuzungusha mkononi kwa dakika tano za onyesho utajua tofauti hiyo ina maana gani kwenye kifundo cha mkono. Isitoshe stenlesi ni mkaidi. Drili ikikimbia haraka au ikisugua bila kula, chuma kinazidi kuwa kigumu pale pale ulipokigusa, na baada ya hapo unavunja drili baada ya drili. Inataka mwendo wa pole, mkono mzito na mafuta. Aluminiamu ina tabia yake pia, inajaza meno ya tupa. Tunapaka chaki kwenye tupa na mafuta ya taa kwenye drili, mambo ambayo mzee aliyenifundisha kazi alikuwa akiyafanya kabla sijazaliwa.

Anayetaka stenlesi bado tunamfanyia, kwa bei ya juu zaidi, na tunatumia gredi ya 304. Hapa pia kuna wajuaji. Wanakuja na sumaku. Sumaku isiposhika wanasema, ehe, hii ni safi. Lakini hata gredi ya 201 kwa kawaida haishiki sumaku. Ile imepunguziwa nikeli ikawekewa manganizi, ni rahisi kununua, na kwa unyevu wetu huu wa ziwa na jasho la mkono inaanza madoa mapema. Sisi tunapima kwa matone maalum yanayobadilika rangi nyekundu kwenye 201. Njoo uone mwenyewe, hatufichi.

Na madoa yamenikumbusha lalamiko la tatu mwaka huu kutoka kwa watu waliosema tumewauzia stenlesi bandia. Mama mmoja wa Milimani alikuja na mpini wa mwanawe umejaa vidoa vya kahawia, wiki moja tu tangu uchukuliwe. Alikuwa na haki ya kukasirika. Nikamwomba tu aniambie uliwahi kusafishwa kwa nini. Akasema kwa ule uzi wa chuma wa kusugulia masufuria, ung'ae vizuri kwa ajili ya picha. Mama, kutu ile haikuwa ya mpini. Ule uzi ni chuma cha kawaida, unaacha chembe zake kwenye mikwaruzo, chembe ndizo zinazoshika kutu. Nilimsafishia bure, nusu siku ya kazi, na sasa kila mpini unatoka na karatasi ndogo: kitambaa laini, maji ya sabuni, kausha. Bado kuna anayesugua kwa uzi wa chuma. Najua yupo.

Kuna pia hoja ya wasomi, na hii naipenda. Wanasema hata ule mpini wa kwanza kabisa, wa filamu ya Star Wars ya mwaka 1977, ulikuwa takataka tu, mkono wa taa ya kamera ya zamani. Ni kweli. Roger Christian, aliyekuwa akipamba seti, alipata mikono ya taa za Graflex kwenye duka la picha London, akaibandika vipande vya kushikia, na mpini wa yule mzee wa filamuni, Obi-Wan Kenobi, wakauunganisha kwa vyuma mbalimbali, kikiwemo kipande cha injini ya ndege, guruneti la zamani la bunduki na kishikio cha bomba la maji. Mimi niliposikia hivyo nilisema huyo ni mtu wetu kabisa, angepata kibanda Kibuye. Lakini mkono wa Graflex ulitoka kiwandani ukiwa bomba madhubuti, umetengenezwa kubeba betri tatu kubwa na kushikwa na wapiga picha wa magazeti mchana kutwa. Nyama ilikuwepo tangu mwanzo. Aliyeokota alijua cha kuokota. Leo mikono hiyo inatafutwa na wakusanyaji kwa bei ambayo elfu saba haigusi.

Saa zinakwenda wapi? Kukata na kunyoosha ncha, nusu saa. Kukereza ndani na nje, saa mbili kama umeme umekaa. Siku moja umeme ulipotea kisu kikiwa katikati ya mfereji, na uliporudi ghafla bila mimi kurudisha kisu nyuma, kikaingia bombani kama jembe kwenye udongo. Mpini mzima ukaenda kwenye vyuma chakavu. Mteja hakulipa hata shilingi kwa ajali hiyo, lakini mtu anayepanga bei lazima akumbuke siku kama hizo. Halafu matundu, tapu, kola ya swichi, kifuniko cha nyuma. Na msasa. Msasa ndio unaokula siku: 120, 240, 400, 800, kila mmoja unafuta mikwaruzo ya uliotangulia, na ukiruka mmoja kwa haraka, polishi ya mwisho inakuanika. Kijana ninayemfundisha aliruka wa 400 mwezi uliopita akidhani sioni. Niliuweka mpini juani mlangoni, nikamwita, sikusema kitu. Akarudi mwenyewe kwenye 240.

Ukitoa bomba, betri, taa, swichi, skrubu, nauli na drili, kwenye ile elfu saba ninabaki na malipo ya siku mbili za mafundi wawili. Kwa siku hizo hizo mbili reli ya ngazi ingeniletea zaidi kwa jasho kidogo. Nasema ili ijulikane, sitafuti huruma.

Kama mfuko haujakaa vizuri, usiende kwenye bomba la pazia, wala bomba la maji la plastiki lililopuliziwa rangi ya fedha, ambalo kwenye jua la saa nane linalegea mkononi. Sema tu. Tuna mpini wa aluminiamu usio na taa kwa 3,500, ukuta ule ule wa milimita 3, mifereji ile ile. Ukipata pesa baadaye unarudi tunaweka taa, kwa sababu nafasi ya betri tunaiacha tayari. Malipo ni nusu mwanzo, nusu unapochukua, na anayetaka wa Desemba aseme mapema.

Kati ya wale wawili walionipigia kwa sababu ya picha, mmoja alikuja Jumamosi. Aliukagua mpini kama mtu anayenunua ng'ombe, akachungulia ndani kwa tochi ya simu kutafuta mshono, akaomba tuupime kwa mizani ya samaki ya jirani. Gramu 410, na betri ndani. Akaukaza ubapa, akauzungusha mara mbili tatu hapo nje mpaka watu wa boda boda wakasimama kutazama. Akalipa nusu iliyobaki kwa M-Pesa bila neno. Alipofika barabarani akarudi mbio, akaniuliza kama naweza kumtengenezea mdogo wake mwingine, wa bei nafuu, yeye ataleta bomba.