Makala za mitishamba zitaje na kipimo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe maoni kuhusu makala za tiba ya mitishamba ambazo gazeti lako limekuwa likizichapisha. Nazifuatilia kwa hamu, kwani naamini kabisa kwamba mimea hutibu, lakini kila nimalizapo kusoma hubaki na swali lile lile: kiasi gani? Msomaji huambiwa achemshe majani, anywe kutwa mara mbili, na habari huishia hapo. Haelezwi kama majani yawe mabichi au makavu, yachemshwe kwa muda gani, dawa inywewe siku ngapi, wala nani asiiguse.

Majuzi nilichuma konzi nne za majani ya mnanaa nikayaanika kivulini, na yalipokauka hayakujaza hata konzi moja. Anayetumia majani makavu kwa kipimo kilichokusudiwa mabichi hujizidishia dawa mara kadhaa, ilhali amefuata maelekezo neno kwa neno. Mnanaa ni mpole. Mimea mingine si hivyo.

Mwaka 1785 daktari Mwingereza William Withering alichapisha uchunguzi wake juu ya Digitalis purpurea, mmea aliofikia kuujua kupitia dawa ya siri ya mwanamke mmoja aliyewatibu watu waliovimba kwa kujaa maji mwilini. Dawa ile ilichanganya mimea kama 20, naye akabaini kwamba nguvu ilikuwa katika huo mmoja. Kwangu mimi, kazi yake kubwa zaidi ni ile miaka karibu 10 aliyohangaika na kipimo: aliona kwamba nguvu ya majani hubadilika kufuatana na majira, akaelekeza yachumwe wakati wa kuchanua maua, yakaushwe na kusagwa, kwa sababu mmea huo ukizidi kidogo tu huvuruga mapigo ya moyo na huweza kuua.

Namna ya kuandaa nayo ni sehemu ya dawa. Tu Youyou, mwanasayansi wa China aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2015, alikuwa akitafuta dawa ya malaria katika mmea wa Artemisia annua bila kupata matokeo ya kuaminika, mpaka aliporejea maandishi ya tabibu Ge Hong ya karne ya 4, yaliyoagiza mmea ulowekwe majini, ukamuliwe, na maji yake yanywewe. Kuchemsha hakukutajwa. Akatambua kwamba huenda joto ndilo lililoharibu dawa, akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwa joto dogo, na mwaka 1971 akapata dawa iliyoua vimelea vya malaria katika wanyama wa majaribio. (Simwambii mtu ajitibu malaria kwa kukamua mmea huu nyumbani, kiasi cha dawa kilichomo hakitabiriki, na Shirika la Afya Duniani halishauri matumizi hayo.)

Jina nalo likikosewa ni hatari. Nchini Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliokuwa wakitumia dawa za kupunguza uzito waliharibikiwa figo baada ya mmea wa Stephania tetrandra kubadilishwa kimakosa na Aristolochia fangchi, ambao jina lake la Kichina linakaribiana na la mwenzake. Jina la mtaani peke yake halimlindi msomaji, hivyo la kisayansi lisiachwe.

Aidha, wapo wanaotumia mitishamba pamoja na vidonge vya hospitali bila kumwambia daktari. Hypericum perforatum, mmea unaotumiwa sana dhidi ya huzuni, hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na ya baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Mtu huyo akisoma tu kwamba mmea huo “hauna kemikali”, atajuaje?

Ombi langu, Mhariri, ni kwamba kila makala itaje jina la kisayansi la mmea, sehemu inayotumika, kipimo kwa gramu, muda wa kutumia, na watu wanaopaswa kujiepusha nao, hasa wajawazito, watoto na wenye maradhi ya figo au ini. Kama mwandishi hana maelezo hayo, makala isubiri hadi atakapoyapata kwa mganga au mfamasia anayeufahamu mmea husika. Niko radhi kusoma makala moja kwa mwezi iliyokamilika hivyo badala ya nne za sasa.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi