Yah: Malalamiko kuhusu matengenezo ya AC ya gari langu na lugha niliyopewa kaunta

Isevya,
Tabora.
21 Oktoba, 2024.

Meneja wa Gereji,
Tabora.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Taratibu zenu sina haja ya kukukumbusha. Dhamana ya siku 30, mteja kuonyeshwa kipuri kilichotolewa, mteja kuhudumiwa kwa heshima: yote mmeyabandika ukutani nyuma ya kaunta, tena kwa herufi kubwa. Ni mbele ya ukuta huo huo, Jumamosi ya Oktoba 5, kama saa nne asubuhi, kijana wenu aliponiambia watu wakisikia: "Mama, wewe kamlete mzee tuongee naye. Haya mambo ya magari yatakuchanganya."

Mzee anayemtaka nilimzika mwaka 2016.

Nitarudi hapo. Kwanza gari.

Nilipoileta Toyota Ipsum yangu Jumatatu ya Septemba 23, nilimweleza fundi aliyenipokea kwamba AC inatoa ubaridi gari likitembea, likisimama tu inapuliza hewa ya jikoni. Nikamwambia pia kwamba nimefungua boneti AC ikiwa imewashwa, na feni zote mbili za mbele zimelala, hazizunguki kabisa. Ni mteja gani mwingine anayewaletea ugonjwa ukiwa umeshapimwa nusu? Fundi wenu hakufungua boneti. Aliweka kiganja kwenye tundu la hewa akasema, "Gesi imeisha." Shilingi 120,000. Mchana nikapigiwa simu: gesi imejazwa ila kompresa, ile pampu ya gesi ya AC, nayo imechoka, ipo ya mtumba, nzuri, 350,000. Nikalipa. Risiti zote mbili ninazo.

Jua la Tabora kabla ya mvua unalijua, huhitaji kusimuliwa. Mama yangu ana miaka 81 na ana presha. AC kwangu si ya kujionyesha.

Siku nne baadaye, Ijumaa ya tarehe 27, tulikuwa tunarudi kutoka msibani Urambo. Njia nzima ilikuwa nzuri kwa sababu gari lilikuwa mbioni na upepo unaingia wenyewe kwenye rejeta. Karibu na Usoke tukasimamishwa kupisha matengenezo ya barabara, gari likiunguruma palepale dakika kama ishirini. AC ikaanza kutoa moto. Mimi nikamtazama mama, naye kajifunika khanga kichwani. Nilipogeuza macho kwenye dashibodi, mshale wa joto ulikuwa umeshagusa H. Nilizima injini, nikashuka, na mvuke ulikuwa unatoka pembeni mwa boneti kama sufuria ya ugali iliyosahaulika. Feni? Zimelala. Zile zile nilizomwonyesha fundi wenu kwa mdomo siku nne kabla. Tulikaa chini ya mti mpaka saa kumi na moja, na wapita njia wawili ndio waliotuletea maji kwenye madumu. Mama alikuwa anahema. Wewe una mama, Meneja?

Kesho yake nililirudisha. Nikaambiwa fundi hayupo, nije wiki ijayo. Nimekuja wiki ijayo, ndiyo hiyo Oktoba 5.

Naomba nieleze vizuri, maana hapo juu nimeandika kwa ufupi na naona kama nimewafichia. Nilisimama kaunta, risiti mkononi. Kijana wenu hakusimama. Shikamoo hakuitoa, na ni wa umri wa mjukuu wangu wa kwanza. Nikamwambia AC haina shida ya gesi wala ya kompresa, kwa sababu gesi ingekuwa imeisha isingepoza hata gari likiwa mwendoni. Shida ni feni, na feni hazizunguki kwa sababu ya umeme. Akacheka. Akawatazama wateja wawili waliokuwa wamekaa, kama mtu anayetafuta mashahidi, ndipo akasema kamlete mzee. Nao wakacheka. Halafu akausukuma ufunguo wangu juu ya kaunta kwa kidole kimoja, ukateleza, ukaanguka sakafuni upande wangu. Hakuna aliyeinama. Niliinama mimi, na magoti yangu haya. Mama alikuwa kwenye benchi, masikio yake siku hizi ni mazito, akaniuliza kwa sauti, "Anasemaje huyo?" Nikamjibu, "Anasema gari liko tayari, mama, twende."

Nimemdanganya mama yangu mzazi kwa ajili ya kulinda heshima ya gereji yenu.

Na kwa taarifa yenu, nimefundisha Fizikia sekondari miaka 31. Mzunguko wa umeme usiokamilika ni somo la kidato cha pili. Nimewafundisha vijana wa umri wa huyo wenu hadi nikapoteza hesabu, na hakuna hata mmoja niliyemwambia akamlete baba yake ndipo aelewe.

Jumatatu ya tarehe 7 nililipeleka gari kwa kijana mmoja Ng'ambo, anafanyia kazi chini ya mwembe, hana kaunta wala ovaroli yenye nembo. Alinisalimia. Akauliza, "Mama, feni zinazunguka?" Hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza, Meneja, na ndilo nililowajibu ninyi kabla hamjaliuliza. Alitoa soketi ya feni moja, akavuta nyaya mbili kutoka kwenye betri na kuigusisha moja kwa moja. Ikazunguka kwa nguvu mpaka vumbi likaruka. Ya pili pia. Kwa hiyo mota ni nzima. Akaangalia fyuzi: nzima. Rilei ya feni, ile swichi ndogo ya umeme, akaibadilishana na ya honi, maana zinafanana; honi ikalia na ile rilei ya feni, kwa hiyo nayo ni nzima. Kisha akachukua taa ndogo ya kupimia, akaniachia niishike mwenyewe. AC imewashwa, umeme unafika kwenye soketi, taa inawaka nikiweka mguu wake mmoja kwenye hasi ya betri. Nikiuhamishia kwenye ule waya mwingine wa soketi, haiwaki.

Ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi kupitia bodi ya gari. Nilisema mimi kabla yake, akatabasamu.

Ule waya aliufuata kwa vidole mpaka nyuma ya taa kubwa ya kushoto, umefungwa kwenye bodi kwa bolti moja ambayo feni zote mbili zinaitegemea. Bolti ilikuwa imelegea na jicho la waya limeota kutu ya kijani, likakatika mkononi mwake kama biskuti. Aliparua kwa msasa, akaweka jicho jipya, akakaza. Tukawasha AC: feni zote mbili kwa pamoja. Tuliliacha gari limesimama juani nusu saa, mshale haukupita katikati, na ndani ilibidi nipunguze ubaridi. Shilingi 12,000 pamoja na soda niliyomnunulia kwa hiari yangu.

Ndipo akanieleza jambo ambalo nyinyi mlipaswa kulijua mkiwa mmelala: feni zisipozunguka, joto la kondensa, ile rejeta ya AC iliyo mbele, halina pa kwenda, presha ya gesi inapanda, swichi ya presha inaikata kompresa ili isipasuke. Ndiyo maana AC ilikuwa inakufa nikisimama na kufufuka nikitembea. Kompresa yangu ilikuwa inajilinda, ninyi mkaitoa kwa kosa la kujilinda.

Iko wapi? Hiyo ni kompresa niliyoagiza pamoja na gari, sijaonyeshwa, sijakabidhiwa, na hii ya mtumba mliyonifungia inalia kila asubuhi kama mlango wa stoo.

Nilipoanza kuandika barua hii nilikuwa nadai 470,000 zangu tu. Nirudishiwe zote, si vocha, si punguzo la huduma ijayo. Lakini tangu siku ile ya Usoke rejeta inapunguza maji bila kuvuja nje, na kijana wa Ng'ambo ana wasiwasi na gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya injini na kichwa chake. Gari litafunguliwa wiki hii. Ikithibitika gasketi imeungua, gharama yote ni yenu, vipuri na ufundi, kwa sababu injini ilichemka ikiwa ndani ya dhamana yenu na kwa tatizo nililowatajia kwa mdomo wangu. Kompresa yangu irudi pia, ile ile. Ina nambari, na picha niliyoipiga wakati wa kulikatia gari bima ninayo, kwa hiyo msiniokotee nyingine.

Na kijana wenu aniombe radhi. Si kwa simu. Aniombe pale pale kaunta, siku ya Jumamosi, saa nne, wateja wakiwepo, na mama yangu nitakuja naye. Aongee kwa sauti, mama asikie.

Nawapa siku 14. Ikifika Novemba 4 sijapata jibu la maandishi, nakala ya barua hii pamoja na risiti itakwenda Tume ya Ushindani kwa mujibu wa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na nyingine itakwenda nami mahakamani. Nimestaafu, muda ninao. Hata wale wateja wawili waliocheka, mmoja nimeshamfahamu. Ni mzazi wa mwanafunzi wangu wa zamani, na ameniahidi kusema alichokiona.

Wenu katika kusubiri,

Mwalimu mstaafu, mwenye Ipsum ya kijivu

Viambatanisho: risiti mbili zenu, risiti moja ya Ng'ambo, imeandikwa kwa mkono, inasomeka, lile jicho la waya lenye kutu, ndani ya bahasha. Nataka lirudishwe.