Malalamiko: mizinga 18, mita 350, na safari moja iliyolipiwa kama mbili

Wafugaji nyuki wa kando ya ziwa,
Wilaya ya Magu,
Mwanza.
30 Juni 2025

Meneja wa Uhamishaji,
Mwanza.

Ndugu Meneja,

YAH: KUHAMISHA MIZINGA YETU KINYUME CHA MAKUBALIANO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Jumamosi ya tarehe 14 Juni 2025 kampuni yako ilitoa mizinga yetu 18 kwenye mikwaju ya ufukweni, panapojengwa nyumba ya pampu ya maji, na kuipeleka kwenye manzuki mpya, yaani mahali pa kuwekea mizinga, iliyo umbali wa mita 350. Tulilipa shilingi 720,000, yaani shilingi 20,000 kwa kila mzinga kwa kila safari, safari mbili. Ilifanyika moja. Leo mizinga 7 haina nyuki, na mingine 5 ina makundi dhaifu sana.

Barua yako ya tarehe 23 inasema kwamba safari ya pili haikuwa na haja kwa kuwa umbali ni mfupi, na kwamba nyuki waliondoka wenyewe kwa sababu ya msimu. Yote mawili si kweli.

Tuanze na umbali. Ni ufupi wake huo ulioleta haja ya safari mbili. Nyuki aendaye malishoni huwa amekariri mahali: mti ule, mwamba ule, ukingo wa maji upande ule. Mzinga ukisogezwa ndani ya eneo analolijua, akitoka hurudi pale ulipokuwa zamani. Kwa hiyo mfugaji husogeza mzinga kwa kiasi cha mita moja kwa siku, au huupeleka zaidi ya kilomita 5, ambako nyuki haoni alama yoyote anayoifahamu na hana budi kujifunza upya. Mita 350 ziko katikati, na hapo ndipo pabaya kuliko pote. Kuzimaliza kwa mita moja kwa siku kungechukua karibu mwaka mzima na mafundi wa pampu wasingesubiri. Ndipo tukaandikiana: safari ya kwanza usiku, hadi shamba lililo kilomita 8 kutoka ziwani, nyuki wakae huko siku 21, kisha safari ya pili ya kuwaleta manzuki mpya. Siku hizo 21 hazikubahatishwa. Nyuki kibarua msimu wa kazi huishi wiki 6 hivi, na nusu ya kwanza hufanya kazi za ndani ya mzinga. Wiki 3 zikipita, wengi walioijua njia ya zamani wamekwisha kufa, na waliobaki wamezoea njia nyingine.

Wafanyakazi wako walifika saa 5 asubuhi, wakati kundi kubwa la nyuki liko malishoni. Waliorudi hawakukuta kitu. Jioni walikuwa wameshikana vishada kwenye waya tupu zilizokuwa zimebeba mizinga, chavua ya njano ikiwa bado miguuni, upepo wa ziwa ukiwayumbisha. Siku ya tatu walikuwa wametapakaa chini ya mikwaju, wamekufa. Mafundi wa pampu walikimbizwa kwa miiba siku 2 mfululizo, na lawama tumebeba sisi. Kazi hii huanza saa 1 usiku, nyuki wote wakishaingia ndani, kwa tochi iliyofunikwa plastiki nyekundu, kwa kuwa nyuki haoni rangi nyekundu.

Hata mlipoamua kwenda moja kwa moja, hasara ingeweza kupunguzwa. Mlango wa mzinga hufungwa kwa wavu wa waya siku 2 au 3, mzinga ukiwa kivulini, kisha hufunguliwa jioni. Mbele ya mlango huwekwa matawi yenye majani mengi. Nyuki akitoka hukwama, hugeuka, huutazama mzinga na kuruka akizunguka mpaka apashike mahali papya. Kule kwa zamani huachwa mzinga mtupu wenye masega makuukuu 2 au 3 ili waliopotea wapate pa kuingia, nao hubebwa usiku hadi manzuki mpya. Nyinyi mliziba milango kwa matambara, mkaizibua mara tu mizinga iliposhuka garini. Tambara halipitishi hewa. Kundi lililofungiwa hivyo juu ya bodi ya chuma, juani, hupata joto na kuhaha, na sega lenye asali hulainika.

Masega nayo yana habari yake. Mizinga 14 kati ya hiyo ni ya viunzi vya juu, yaani vijiti vya mbao ambavyo nyuki hujenga sega chini yake. Sega limeshikwa juu tu, halina fremu wala waya. Mizinga ya namna hiyo hupangwa kukingama gari, ili viunzi vifuate mwendo wa gari na breki ivute sega kwa kufuata urefu wake, ambako lina nguvu. Wenzako waliilaza kufuata urefu wa gari ili iingie yote kwa mara moja, kwa hiyo kila breki iliyabembeza masega mbele na nyuma. Katika mzinga mmoja tulioufungua, masega 9 kati ya 20 yalikuwa yamekatika na kulaliana, majana (watoto wa nyuki) yamebanwa katikati, asali imetiririka hadi mlangoni. Na kwa kuwa mizinga iliwekwa juu ya mawe badala ya kuning'inizwa kwa waya zilizopakwa grisi, sisimizi walishaifuata asali hiyo kabla ya kucha.

Kuhusu msimu: kundi linalohama kwa njaa hujiandaa. Malkia hupunguza kutaga, majana yaliyobaki hukomaa, asali huliwa, na nyuma huachwa masega matupu, makavu. Mizinga yetu 7 imeachwa na asali ndani na majana yaliyofunikwa, yaliyokufa kwa baridi kwa kukosa wa kuyaatamia. Nyuki hawaachi watoto wao hivyo mpaka wawe wamesumbuliwa. Masega hayo tumeyahifadhi na tuko tayari kuyaonyesha.

Tunadai, kwanza, kurudishiwa shilingi 360,000 za safari ambayo haikufanyika. Pili, makundi 7 mapya yenye malkia anayetaga na masega ya majana yasiyopungua 5 kila moja, yafike kabla ya mvua za vuli. Tatu, msipeleke mtu kufungua ile mizinga 5 dhaifu. Tumeipunguzia milango hadi upana wa vidole viwili ili nyuki wachache waliobaki waweze kuilinda, na kila inapofunguliwa wanapoteza joto la majana.

Tunasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Lisipofika, tutalipeleka suala hili kwa Afisa Nyuki wa Wilaya pamoja na nakala ya makubaliano na stakabadhi ya malipo.

Makundi hayo mapya yatoke mbali zaidi ya kilomita 5, na yaletwe usiku.

Ni sisi,
Wafugaji nyuki, Magu