Uwanja wetu wa Wamakonde, Kwale

Habari za jioni wazee wetu, kina mama na vijana.

Suala la uwanja sasa tulifanye kweli. Tangu wazee waliposhika njia kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi Oktoba 2016 kudai uraia, na tukatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya, vitambulisho tunavyo. Pa kukaa pamoja hatuna. Mchongaji anachonga uani kwake peke yake, na watoto wetu hawaoni tezo ikibandua ule weupe wa nje wa mpingo hadi weusi ujitokeze. Hilo linaniuma kuliko yote.

Naomba tuanze na banda la makuti tu, wachongaji wapate kivuli, na katikati paachwe wazi kwa ngoma zetu za mapiko na sindimba. Mambo ya ukuta na geti yasubiri. Majirani zetu Wadigo nao waingie bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Mwenye picha za zamani za mashamba ya mkonge, yaliyowaleta babu zetu kutoka Msumbiji, azitunze vizuri, tutazihitaji.

Tukutane Jumamosi saa kumi jioni. Wazee wanaojua mipaka ya kiwanja wasikose, tafadhali. Asiye na nauli aniambie mapema.