Ile Ilikuwa Firigisi

Kwa Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma tangu nikiwa msichana, na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Lakini ile habari ya wiki jana, ya "daktari wa kiroho" anayepasua watu bila kisu hapa Kisumu, imenikwama kooni. Mwandishi wenu alimhoji mpasuaji, akamhoji mama aliyepona, akamalizia kwamba wapo wanaoamini na wapo wasioamini. Basi! Mimi simo katika makundi hayo mawili. Mimi nauza kuku soko la Kibuye, mwaka wa 19 huu.

Mwaka jana nilimsindikiza dada yangu kwa mmoja wao. Alikuwa na kivimbe kwenye titi, kama kokwa la zambarau. Tulituma shilingi 3,000 kwa simu kabla hata ya kuonyeshwa benchi. Akalazwa mezani, msaidizi akaleta beseni la maji na pamba tele. Yule bwana akaomba, akafumba macho, akaanza kukanda. Vidole akavikunja vikaonekana kama vimezama mwilini, damu ikachuruzika, watu wakapiga vigelegele. Halafu akainua mkono juu: "Ugonjwa ndio huu!" Mhariri, nilikuwa hatua mbili tu. Ile ilikuwa firigisi. Wala haikuwa nzima, ilikuwa robo, imekatwa kwa kisu butu, na ule utando wa manjano ambao wateja wangu hunigombeza nisipoubambua ulikuwa ungali unaning'inia! Kabla sijafungua mdomo, msaidizi alishaitupa kwenye jiko la makaa. Harufu iliyotoka, kila aliyepita kwa wachoma nyama wa mtaa wa Kondele saa mbili usiku anaijua. Usiku huo dada akaniambia nimpapase. Kokwa lipo pale pale. Alikuwa ameambiwa mizizi itakauka polepole, nasi tukaingoja ikauke miezi saba. Alipofika kwa daktari, uvimbe ulishafika kwapani. Yupo kwenye matibabu. Mengine ni yake, siyaandiki.

Wala mtu asiniambie nadharau mambo ya wazee. Tulipoumwa na tumbo utotoni, nyanya alitupeleka kwa mama wa kutoa sihoho, yaani madhara ya jicho baya. Alitupaka mafuta, akasugua, na vipande vya chakula vikatokea juu ya ngozi. Mchezo ni huo huo. Ila yule mama alilipwa kibaba cha mtama, na hakumkataza mtu hospitali.

Mwanangu amenionyesha kwenye simu kwamba Ufilipino walishaujua mchezo huu zamani, na Wamarekani walikuwa wakipanda ndege kuufuata. Mwaka 1975 tume yao ya biashara ikasema wazi kuwa ni ulaghai mtupu. Hata hivyo, Machi 1984 mchekeshaji Andy Kaufman, akiwa na saratani ya mapafu, alikwenda Baguio kupasuliwa hivyo hivyo. Mei akafa.

Sasa mimi, nikivaa koti lenye doa moja la damu, watu wa afya wananisimamia kibandani kama nimeiba. Kila miezi sita nipimwe, nilipie cheti. Juzi nimetozwa faini kwa sababu ya kofia. Kofia! Na hapo hapo ng'ambo ya barabara kuna hema lenye vipaza sauti vinavyonguruma hadi saa tisa za usiku, ndani yake mtu anatoa nyama tumboni mwa watu, na hajaulizwa hata kama ameosha mikono.

Dawa ninayo. Yeyote anayetoa nyama mwilini mwa mtu apangiwe mkaguzi wa nyama. Mpasuaji avae shati la mikono mifupi, pamba aje nayo mgonjwa mwenyewe. Nyama ikitoka, jiko liwe mbali. Ipimwe, iandikwe ni ya mnyama gani, kisha ipigwe muhuri kama nyingine zote. Mkaguzi akikosa nafasi niiteni mimi, nitakuja na mizani yangu bila malipo, siku yoyote isipokuwa Jumapili, ndiyo siku kubwa ya soko letu.

Muuza Kuku,
Kibuye, Kisumu