Utumbo mpana ukishatolewa, mfuko ni wa maisha?

Swali hili huulizwa sana dukani, mara nyingi na ndugu wa mgonjwa, tena kwa sauti ya chini: utumbo mpana umetolewa wote, je, mfuko huu wa kinyesi atauvaa mpaka lini? Sisi tunauza mifuko hiyo, lakini jibu letu ni kwamba si lazima awe nao maisha yake yote.

Kwanza huangaliwa misuli inayobana njia ya haja kubwa. Ikiwa mizima, na ugonjwa ulikuwa vidonda vya utumbo mpana au vinyama vya kurithi vinavyoota humo, daktari wa upasuaji anaweza kukunja mwisho wa utumbo mwembamba, akaushona uwe kifuko na kukiunganisha na njia hiyo. Parks na Nicholls wa hospitali ya St Mark's, London, waliueleza upasuaji huu mwaka 1978. Umbo la herufi J, linalotumika zaidi leo, lilifuata baadaye. Hufanywa kwa awamu mbili au tatu, na katikati yake mgonjwa huvaa mfuko wa nje miezi kadhaa ili mshono upone. Kwa hiyo mkimwona bado anao, msidhani upasuaji umeharibika.

Ila choo hakirudi kuwa cha zamani. Wengi huenda msalani mara 4 hadi 8 kwa siku, na kinyesi huwa laini. Kifuko nacho huweza kuvimba: mtu anaharisha, tumbo linasokota, haja inambana ghafla. Mara nyingi antibayotiki humtuliza. Mwanamke anayetaka kuzaa aulize mapema, maana upasuaji wa ndani ya nyonga unaweza kupunguza uwezo wa kushika mimba.

Misuli ikiwa imekufa, kuna njia ya Nils Kock wa Gothenburg, Uswidi, ya mwaka 1969. Kifuko hukaa ndani ya tumbo kikiwa na vali inayozuia kinyesi kisitoke chenyewe, na mgonjwa hupitisha mrija wa mpira kwenye tundu dogo tumboni mara kadhaa kwa siku akakimwaga chooni. Hakuna mfuko wa nje. Tatizo ni vali kuteleza, na hapo mtu hurudi kupasuliwa.

Mwenye ugonjwa wa Crohn, yaani uvimbe sugu unaoweza kushika sehemu yoyote ya njia ya chakula, kwa kawaida hashauriwi vifuko hivi, kwani ugonjwa unaweza kurudi humo humo.

Kabla ya kununua mifuko ya miezi mingi, muulizeni daktari mambo mawili: puru (sehemu ya mwisho ya utumbo, kabla ya njia ya haja kubwa) imebaki, na misuli imepimwa? Akisema kuna awamu ya pili, nunueni ya kufikia hapo tu.